DHORUBA IKIPITA, HATARI YA UMEME HUBAKI NYUMBANI

Wakazi wa Mapinga, Kerege na Kiharaka wanazijua vizuri dalili zake. Mchana huwa wa joto lisilo na upepo, kisha upande wa bahari hutanda wingu jeusi, minazi huinamia upande mmoja, na kabla tone la kwanza halijaanguka juu ya bati, taa zimekwisha zimika. Jambo la kwanza linalofanywa katika kila nyumba ni kutafuta kiberiti. La pili ni kulalamika. Ni nyumba chache mno ambamo mtu huinuka kwanza akaiendee swichi kuu na kuizima.

Makala haya yanazihusu hasa familia za wafanyakazi ambazo, katika miaka ya karibuni, zimevuka Mto Mpiji, ulio mpaka wa Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani, zikajenga huko. Baba na mama huondoka alfajiri kwenda kazini mjini, nao hurejea usiku. Nyumbani hubaki bibi, watoto waliorudi shuleni na msichana wa kazi. Basi dhoruba ikija saa tisa alasiri, hao ndio watakaoipokea. Je, wanajua swichi kuu iko wapi? Wanaweza kuifikia bila kupanda juu ya kiti? Mwenye nyumba ambaye hana jibu la maswali hayo bado hajajiandaa, hata kama stoo yake imejaa mishumaa.

PWANI YETU NA VIMBUNGA

Wapo wasemao kwamba pwani yetu haipati vimbunga kwa kuwa iko karibu na Ikweta. Maneno hayo ni nusu ya ukweli. Ili upepo ujizungushe ukawa kimbunga, huhitaji msukumo utokanao na kuzunguka kwa dunia, na msukumo huo hupungua kadiri Ikweta inavyokaribia. Ndiyo maana Madagaska na Msumbiji hupigwa mara nyingi kuliko sisi. Lakini kupigwa kwa nadra si kutopigwa. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliishukia Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuzivunja merikebu za Sultani Barghash zilizokuwa bandarini. Ng'ambo ya pili, pale Bagamoyo, kikabomoa majengo ya misheni. Aprili 1952 ilikuwa zamu ya Lindi. Na mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika kisiwani Mafia. Safari za vyombo vya baharini kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa, na barabara iendayo Lindi ikakatika eneo la Somanga.

Wala si lazima kiwe kimbunga chenye jina. Mvua za Desemba 2011 zilichukua roho za watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na baadhi ya waliohamishwa kutoka Bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, si mbali na huo Mto Mpiji. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa zake kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Mara nyingi tunasikia redioni kwamba upepo utafikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yatafikia mita 2, nasi tukiwa majumbani twadhani wanaambiwa wavuvi peke yao. Kumbe upepo wa kilomita 40 kwa saa watosha kuyayumbisha matawi makubwa ya mwembe, na tawi likiyumba karibu na waya wa umeme, taarifa ile si ya wavuvi tena.

KABLA YA MASIKA

Kazi kubwa hufanywa jua likiwaka, na pwani yetu ina adui wawili ambao nyumba za bara hazina: chumvi na mchanga.

Kila nyumba iliyounganishwa umeme ipasavyo ina waya wa ardhi, ambao hushuka ukutani hadi kwenye fimbo ya shaba iliyochomekwa chini. Wengi huuona kama pambo la fundi. Kazi yake ni hii: waya wenye umeme ukichubuka ndani ya friji au pasi na kugusa bati lake, umeme huo hupata njia ya kukimbilia ardhini, na swichi ya usalama hujizima. Njia hiyo isipokuwapo, bati lile hubaki na umeme likingoja mkono wa mtu. Na mkono huo aghalabu huwa wa mtoto mwenye miguu mitupu, ametoka uani akiwa ameloa. Sasa, hewa ya bahari hula kile kibano kinachoshika waya kwenye fimbo, na mchanga mkavu ni mpitishaji hafifu sana wa umeme. Hivyo waya wa ardhi ambao ulikuwa mzima siku ya kuhamia waweza kuwa umekufa miaka mitano baadaye, pasipo taa hata moja kukosa kuwaka. Utazame kwa macho, usiushike. Ukiona kutu au ukijani kwenye kibano, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA aje aupime kwa kipimo chake. Fundi anayetazama tu na kusema "uko sawa" hajapima kitu.

Mwulize fundi huyo huyo juu ya swichi inayogundua umeme unaovuja. Ile ya milliampea 30 hukata umeme mara tu unapoanza kupita mwilini mwa mtu kwenda ardhini, kabla moyo haujadhurika. Ina kitufe kidogo cha kujaribia, ambacho chafaa kubonyezwa kila mwezi. Isipojizima ukibonyeza, imekwisha kazi. Kwa maoni ya mwandishi, nyumba isiyo nayo ingenunua hiyo kabla ya kununua televisheni kubwa.

Nyumba za zamani zenye fyuzi zina ugonjwa wao. Fyuzi hukatika ili nyumba isiungue. Lakini wapo wanaochoshwa na kukatika kwake, wakaweka waya mnene au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Taa huwaka, na furaha huwa kubwa. Kuanzia siku hiyo, kitakachokatika kwanza shoti ikitokea ni nyaya zilizomo ndani ya ukuta au juu ya dari, nazo hukatika kwa moto.

Lipo na lile la ujirani mwema, la kumvutia jirani umeme kwa waya mwembamba unaopita juu ya michongoma. Twaelewa kwamba kumnyima jirani ni aibu. Lakini waya wa kuunganishia pasi, ulioachwa kwenye jua na mvua, hupasuka ganda baada ya muda, na dhoruba ikiuangusha juu ya uzio wa seng'enge, uzio mzima waweza kuwa na umeme.

Minazi na miembe iliyokaribia nyaya za nguzoni isikatwe na mwenye nyumba wala na kijana wa kukwea minazi. Toeni taarifa TANESCO ili umeme ukatwe kwanza. Na mwenye paa la bati achungulie darini aone kama kenchi zimefungwa ukutani kwa nondo au mkanda wa chuma, maana upepo hulinyanyua paa kutoka chini kabla ya kulisukuma.

WINGU LIKITANDA

Hapa mambo ni machache na ya haraka. Wanaotegemea pampu ya kisima wajaze ndoo mapema, kwani bila umeme hakuna maji. LUKU inunuliwe, simu ichajiwe, redio itiwe betri mpya. Plagi zote zichomolewe, pamoja na waya wa antena, kwa kuwa radi ikipiga hata mbali hupita kwenye nyaya na kuingia ndani. Kuzima swichi ya ukutani peke yake hakutoshi. Radi iliyoruka maili nzima angani haishindwi na nafasi ndogo iliyo ndani ya swichi. Mkiona mwanga, hesabuni sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Hesabu ikiwa chini ya 30, watoto wote wawe ndani, asioge mtu wala kufua, na asisimame mtu chini ya mnazi.

Maji yakianza kuingia ndani, swichi kuu izimwe wakati sakafu bado kavu. Yakisha kufika kwenye soketi, asiyakanyage mtu kuifuata swichi. Hapo ni kutoka nje kwa njia kavu na kuwaita TANESCO waikate huko nguzoni.

GIZA NA MOSHI

Kibatari na mshumaa vimeangaza nyumba zetu kwa miaka mingi, wala hatuvidharau. Lakini kibatari karibu na chandarua ni jambo la kuogofya, na chemli hujazwa mafuta ikiwa imezimwa na kupoa. Taa ndogo ya nguvu za jua, iliyoanikwa mchana, yawapita wote hao kwa usalama.

Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani ati kwa sababu ya mvua, madirisha yakiwa yamefungwa. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta huumwa kichwa, huchoka, kisha husinzia. Na kwa kuwa ni usiku, wenzake hudhani amepata usingizi mzuri. Jenereta hutoa gesi hiyo hiyo kwa wingi zaidi. Mahali pake ni nje, mbali na dirisha, wala si barazani wala jikoni.

Lakini jenereta ina hatari nyingine inayowafikia watu ambao mwenye nyumba hatawaona kamwe. Baadhi yetu huchukua waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja jenereta, upande wa pili soketi ya ukutani, na nyumba nzima ikawaka. Umeme huo haukomei ndani. Kama swichi kuu haikuzimwa, hutoka kupitia mita, hupanda nguzo, huingia kwenye transfoma kwa mlango wa nyuma, na transfoma, isiyojua kutofautisha, huzikuza volti 230 zikawa 11,000 au 33,000. Wakati huo, huko Kerege au Bunju, yupo fundi wa TANESCO juu ya nguzo, kwenye mvua, akiunganisha waya anaoamini kuwa umekufa. Jenereta iunganishwe kwa swichi ya kugeuzia, ile ambayo mafundi huiita chenjiova, isiyoruhusu njia mbili kufunguka kwa pamoja. Asiye nayo achomeke friji na taa moja kwa moja kwenye jenereta.

WAYA ULIOANGUKA

Watu wengi hujificha wakati wa dhoruba, na kwa hiyo husalimika. Hatari huja asubuhi yake, mvua imekatika, jua limetoka, watoto wanakwenda kuokota maembe yaliyoangushwa na upepo, na katikati ya njia umelala waya.

Waya huo haulii wala hautoi cheche. Mtaa wote hauna umeme, basi kila mtu huamini kwamba nao umekufa. Huenda bado una umeme. Huenda hauna sasa hivi, ila mtu wa kituoni anajaribu kuurudisha dakika tano zijazo. Kila mtu akae mbali, mita 10 au zaidi, kwa sababu hata ardhi iliyolowa kuuzunguka ina umeme, ulio mkali karibu na waya na hafifu kadiri mtu anavyokwenda mbali. Mtu akipiga hatua ndefu, mguu mmoja huwa penye nguvu zaidi kuliko mwingine, na umeme hupita kati ya miguu hiyo. Aliyejikuta tayari yuko karibu asikimbie. Abane miguu pamoja, aiburute kidogo kidogo bila kuinyanyua mpaka afike mbali. Wafundisheni watoto uani kama mchezo. Hujifunza upesi kuliko wakubwa.

Na mtu akinaswa na umeme ndani ya nyumba, asishikwe na yeyote kabla swichi kuu haijazimwa. Wengi waliokufa pamoja na jamaa zao walikufa kwa huruma hiyo. Swichi isipofikika, asukumwe kwa mti mkavu, mwokoaji akiwa amesimama juu ya kitu kikavu. Hayo ni kwa umeme wa nyumbani tu. Kwa nyaya za nguzoni mti haufai kitu. Akitolewa na ikawa hapumui, alazwe chali, akandamizwe katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuchoka, mpaka msaada ufike. Aliyezinduka na kusema hajambo apelekwe hospitali vilevile, kwani moyo waweza kubadili mapigo saa kadhaa baadaye. Namba ya Zimamoto, 114, pamoja na ya ofisi ya TANESCO ya wilaya, ziandikwe ukutani kwa rangi, wala si kwenye simu iliyokwisha chaji.

UMEME UKIRUDI

Nyumba iliyoingiwa maji isiwashwe hata kama jirani zote wamewasha. Soketi zifunguliwe na fundi, zikaushwe na kupimwa. Nyingine na ziache taa moja tu ikiwa imewashwa ili ijulikane umeme umerudi, kisha zingoje dakika kadhaa, maana mara ya kwanza huja kwa kuruka ruka. Friji ichomekwe mwisho. Moto wa shoti ukizuka haumwagiwi maji. Ndoo ya mchanga mkavu, ambao Mapinga haununuliwi, na iwe karibu na mlango wa jikoni.

Friji isipofunguliwa hutunza baridi yake muda wa saa nne hivi. Friza iliyojaa yaweza kufika siku mbili, iliyojaa nusu siku moja, na kila anayefungua kuchungulia hupunguza muda huo. Samaki ambao bado wana barafu wapikwe siku hiyo hiyo, au wapasuliwe, watiwe chumvi na kuanikwa wawe ng'onda, kama walivyofanya akina mama wa Mlingotini kabla friji haijafika huko.