RETROVIZERI ZINAJIKUNJA NAMNA GANI ALARMU IKIFUNGA MOTOKARI?

Tangu muhula uanze wengi wanatuuliza juu ya motokari ya baba ya mwenzetu mmoja wa mwaka wa sita. Akibonyeza telekomandi, milango inafunga, taa zinawaka mara moja, na retrovizeri zote mbili zinajikunja kama masikio ya sungura. Wadogo wa mwaka wa kwanza wanasema eti ni uchawi. Hapana, ni umeme tu, na sisi tulishiriki katika kazi ile, hata katika kosa lake.

Avenue za Ndosho ni nyembamba, mawe ya volkano huku na huku. Chukudu yenye magunia ya makala ikipita, au moto yenye watu watatu, retrovizeri inaondoka nayo. Iliyokunjwa inapona. Tena mwenye motokari anaona toka mbali kama kweli amefunga.

Ndani ya retrovizeri kuna motere ndogo yenye nyaya mbili. Waya wa kwanza ukipata plusi na wa pili masi, inakunja. Ukigeuza, inafungua. Ikifika mwisho inajikata yenyewe. Kifungo kilicho mbele ya dereva kinageuza tu plusi na masi, na bila kontakti hakina umeme.

Sasa alarmu. Ikifunga milango inatoa umeme wa nusu sekunde hivi, lakini retrovizeri inahitaji kama sekunde 3. Fundi wa kwanza aliunganisha nyaya za milango moja kwa moja kwa retrovizeri. Zilitikisika kidogo, zikabaki katikati.

Siye tulichukua waya mwingine, ule unaokuwa masi muda wote alarmu iko macho, na rele mbili za miguu 5. Mshike namba: 85 na 86 ni bobini. Bobini ikilala, mguu 30 unashika 87a. Ikipata umeme, 30 inaruka kwenda 87. Tukakata nyaya mbili zinazotoka kwa kifungo, kila waya na rele yake: upande wa motere kwa 30, upande wa kifungo kwa 87a. 87 ya rele moja ikapata plusi ya batri kupitia fyuzi, 87 ya nyingine ikapata masi. Bobini zote mbili: 86 kwa plusi, 85 kwa waya wa alarmu. Kila bobini iwe na diodi yake, sababu ikizimwa inarudisha kipigo kikali ambacho kinaweza kuua alarmu.

Ilifanya kazi siku ile ile. Tulipiga makofi mbele ya garaje, kumbe hesabu hatukuifanya.

Baba akaenda Bukavu kwa mashua, siku 5. Kurudi, motokari kimya, hata telekomandi haijibu. Motokari hiyo ndiyo taksi yake, na taksi ndiyo minervali ya mwenzetu. Hatukulala vizuri. Hesabu ni hii: bobini ya omu 80 kwa volti 12 inakula ampea 0.15, mbili, 0.3. Mara saa 120, ni ampea-saa 36. Batri ilikuwa ya 45, tena si mpya. Na hapa kwetu motokari isiyowaka si jambo dogo. Wenye kuwa hapa tarehe 27/5/2021, wakati mitaa 10 ya Goma iliamriwa kuhama kwa ajili ya Nyiragongo, wanakumbuka barabara ya Sake ilivyojaa.

Dawa ilikuwa kisanduku kidogo cha kuhesabu muda, kati ya alarmu na bobini. Alarmu inakiamsha, kinashika rele sekunde 10, kisha kinaziachilia. Retrovizeri zinabaki zimekunjwa kwa sababu kifungo hakina umeme. Asubuhi dereva akitia kontakti, kifungo kilichoachwa upande wa kufungua kinazifungua. Tulipima usiku mzima: rele hazikuwa na moto hata kidogo.

Rele moja ya zamani tumeifungua kifuniko. Iko katika kabati la fizika, mwombeni mwalimu ufunguo.