Tiketi za Bahati Nasibu kwa Ajili ya Hisani: Barua ya Mtendaji Haitoshi

Hivi karibuni walifika katika ofisi ya Maendeleo ya Jamii wajumbe watatu wa kamati ya ujenzi kutoka mojawapo ya kata za wilaya yetu. Walikuwa na mfuko wa tiketi zilizokwisha kuchapishwa, kila moja kwa bei ya shilingi 2,000, na barua yenye mhuri wa Mtendaji wa Kata. Zawadi ya kwanza ilikuwa pikipiki, ya pili ng'ombe wa maziwa, na ya tatu mabati. Mapato yangekamilisha nyumba ya mganga, ambayo kuta zake zimenyeshewa kwa misimu miwili sasa. Walichokuja kuomba kilikuwa kidogo tu: Mkurugenzi awe mgeni rasmi siku ya droo. Waliondoka na jibu ambalo hawakulitarajia. Kwa kuwa maswali ya namna hiyo yanatufikia pia kutoka kwa vikundi, kamati za wazazi na kamati za jubilei, tumeona vyema kulieleza jambo hili kwa kirefu.

Msingi wake ni kutofautisha njia tatu za kukusanya fedha ambazo wengi huziita kwa jina moja la "mchango". Katika harambee, mtu hutoa bila kutarajia kurudishiwa kitu. Katika mnada, kama ule unaofanyika nje ya kanisa baada ya ibada ya mavuno, anayepanda bei kwa mkungu wa ndizi au kopo la senene huondoka na alichokinunua. Hata akilipa mara kumi ya bei ya sokoni, ameuziwa. Bahati nasibu ni jambo la tatu. Watu wengi wanalipa, wachache wanapata zawadi, na kinachoamua nani apate ni bahati peke yake. Yakikutana hayo matatu, yaani malipo, bahati na zawadi, mmeingia katika michezo ya kubahatisha, hata kama fedha yote inakwenda kwa mganga au kwa yatima.

Michezo hiyo inasimamiwa kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, iliyotungwa mwaka 2003. Sheria hiyo ndiyo iliyoiunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyo chini ya Wizara ya Fedha, na leseni za michezo hiyo hutolewa na Bodi. Hazitolewi na Halmashauri, Mtendaji wa Kata wala Mwenyekiti wa Kijiji. Barua ya Mtendaji inaweza kuwaruhusu kutumia uwanja wa kata siku fulani, lakini haiwezi kuwapa mamlaka ambayo mwandishi wake mwenyewe hana. Tunasisitiza hili kwa sababu tumebaini kuwa watu wengi waaminifu huona mhuri wa Serikali na kuamini kwamba kazi imekwisha.

Hali ni hiyo hiyo kwa cheti cha kikundi. Cheti kinachotolewa na Halmashauri kinawawezesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, lakini hakihusiani na droo. Mashirika yasiyo ya kiserikali nayo hukumbusha kwamba Sheria Namba 24 ya mwaka 2002 inawapa haki ya kuchangisha fedha. Ni kweli inawapa, ila kwa njia zinazokubalika kisheria, na maneno hayo ndiyo yanayowarudisha kwenye mlango wa Bodi.

Mjumbe mmoja alituuliza, kwa haki kabisa, mbona ndugu yake aliyeko Uingereza amesema huko mambo haya huishia kwenye halmashauri. Ndugu huyo hakukosea. Chini ya sheria yao ya mwaka 2005, chama kidogo cha hisani hujisajili kwa halmashauri ya eneo lake, na angalau asilimia 20 ya mauzo ya tiketi lazima iende kwenye lengo lililotangazwa. Bunge letu halikuzipa halmashauri jukumu hilo.

Wapo wanaoona huu ni urasimu wa kuwakatisha tamaa wanaojitolea. Tunaelewa. Hata hivyo, mnunuzi wa tiketi aliyeko Kamachumu hawezi kujua kama pikipiki ipo kweli, kama vishina vyote vimeingia kwenye ndoo, wala kama mshindi si shemeji wa mweka hazina. Kwa sababu hiyo, katika droo za promosheni za makampuni, kwa kawaida tunamwona mwakilishi wa Bodi akishuhudia. Sisi wa Kagera tuna kumbukumbu yetu pia. Baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lililoua watu 17, michango ilimiminika kutoka kila upande, na kabla ya mwezi huo kwisha swali la akaunti ipi ndiyo halali ya kuipokea lilikuwa limefika Ikulu.

Kwa kamati inayotaka kuendelea na wazo la bahati nasibu, ushauri wetu ni kuiandikia Bodi kabla ya kuchapisha hata tiketi moja. Elezeni ninyi ni nani na mmesajiliwa wapi, fedha ni za kazi gani, tiketi ni ngapi na kwa bei gani, na zawadi ni mali ya nani kwa sasa. Bodi itawaeleza leseni inayohitajika na masharti yake. Masuala ya kodi yaulizeni TRA mapema. Fedha zipitie akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja. Na tafadhali, wanafunzi wasitumwe nyumbani na vitabu vya tiketi. Michezo ya kubahatisha ni kwa waliotimiza miaka 18, na mtoto anayeuza tiketi kwa majirani hukawia kidogo tu kabla ya kujinunulia yake.

Ile kamati ilikuwa imekwisha kuuza tiketi kadhaa. Kwa bahati njema, mweka hazina wao, mama mmoja mwenye mwandiko mzuri, alikuwa ameandika jina la kila mnunuzi kwenye daftari. Walirudi kwa kila mmoja na kumpa hiari: kuchukua shilingi 2,000 zake au kuziacha ziwe mchango, kwa stakabadhi. Wengi waliziacha. Ng'ombe, ambaye mfadhili alikuwa amemtoa bure, atauzwa kwa mnada wa hadhara, na Mkurugenzi amekubali kuhudhuria. Pikipiki ilikuwa bado dukani, haijalipiwa.

Wenye maswali wanakaribishwa kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yao, au katika ofisi ya Halmashauri siku za kazi. Njooni na katiba ya kikundi, na mje kabla ya kwenda kwa mchapaji.