Agizeni Chakula Kabla ya Kwenda Kimondoni

Mwaka jana sisi akina mama wa kanisa, hapa Tunduma, tuliwapeleka watoto kukiona Kimondo cha Mbozi kijijini Ndolezi. Bonge lile la chuma, lenye urefu wa mita 3 hivi, wataalamu walilifahamu mwaka 1930. Watoto walilipapasa, wakauliza lilidondokaje bila kumwua mtu. Hilo hata sisi lilitushinda!

Tatizo likawa tumbo. Tulidhani tutakula Vwawa wakati wa kurudi. Tulifika saa nane, watu 38, tukamkuta mama ntilie amebakiwa na sahani sita. Mwenzetu mmoja mwenye kisukari alikuwa amekwishachoma sindano yake ya insulini asubuhi; akaanza kutetemeka na kutoka jasho. Soda ya mtoto ndiyo iliyomwokoa.

Safari hii tumempelekea mama ntilie yule nusu ya malipo wiki mbili kabla, tukamtajia idadi yetu, saa ya kufika na wagonjwa tulio nao. Mtembeza wageni naye tumekwisha kumwarifu, tusije tukagongana na kundi la shule. Hata hivyo, akina mama wenzetu, kikapu cha viazi vitamu hatukiachi nyumbani.