Kisukari, Damu Inayoganda na Ubongo Unaosahau

Tangu mwaka 1990, wazee wa Ommoord, mtaa ulio pembezoni mwa Rotterdam nchini Uholanzi, wamekuwa wakipimwa damu, moyo na akili. Mwaka 1999 majibu ya zaidi ya wazee 6,000 yalitia hofu: kisukari kilikaribia kuongeza maradufu hatari ya dimensia, ugonjwa wa kusahau unaoweza kumfikisha mtu pa kutomtambua hata mwanawe. Mwaka 2005 mtaa uleule ukatoa jibu jingine. Waliokuwa na fibrinojeni nyingi katika damu nao walipata dimensia zaidi.

Majibu hayo mawili huenda yana mzizi mmoja.

Fibrinojeni ni protini inayotengenezwa na ini. Mtu akijikata, protini hiyo hugeuka nyuzi za fibrini, zikashikana na chembe sahani za damu kuwa donge linaloziba jeraha. Baadaye mwili wenyewe huliyeyusha donge hilo. Kisukari cha aina ya pili na unene huvuruga kazi hii pande zote mbili. Chembe sahani huwa nyepesi kushikana, na mafuta ya tumboni, yaani kile kitambi ambacho wengi bado wanakiona dalili ya neema, huchangia kuongeza protini iitwayo PAI-1, ambayo huzuia donge lisiyeyuke.

Donge kubwa likiziba mshipa wa ubongo, nyumba nzima itajua: mdomo umepinda, mkono umelegea, ni kiharusi. Madonge madogo huua sehemu ndogondogo za ubongo bila mgonjwa kuhisi chochote. Mwaka 1997 mtafiti David Snowdon alichapisha uchunguzi wa bongo za masista wa Kikatoliki wa Marekani waliokubali zipasuliwe baada ya kufa kwao. Miongoni mwa waliokuwa na alama za ugonjwa wa Alzheimer, wenye makovu madogo ya mishipa iliyoziba ndani kabisa ya ubongo ndio waliokuwa wamepata dimensia kwa wingi zaidi walipokuwa hai.

Maabara nazo zimeongeza ushahidi. Katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, Sidney Strickland na wenzake waligundua kwamba amiloidi beta, protini inayorundikana katika ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, hunasa fibrinojeni na kufanya donge liwe gumu kuyeyuka. Huko San Francisco, mtafiti Katerina Akassoglou ameonyesha kwa panya kuwa fibrinojeni ikivujia kwenye ubongo, huchochea seli za kinga zishambulie viungio vya neva.

Basi, ikiwa madonge ndiyo tatizo, si kila mzee apewe aspirini ya kuzuia damu kuganda? Hapana, na hili lisikike vizuri. Utafiti wa ASPREE, uliohusisha watu zaidi ya 19,000 nchini Australia na Marekani, ulionyesha kuwa dozi ndogo ya kila siku haikuzuia dimensia kwa wazee wenye afya, ila iliongeza hatari ya kuvuja damu. Kilicholeta matumaini zaidi ni kushusha shinikizo la damu: mwaka 2019, utafiti wa SPRINT MIND ulionyesha kuwa kulidhibiti kwa nguvu kulipunguza upungufu wa kumbukumbu wa mwanzoni.

Kliniki ya kisukari hukagua miguu na macho ya mgonjwa. Ingefaa pia kumuuliza ndugu aliyemsindikiza kama mzee huyo husahau sindano yake ya insulini, au hujichoma mara mbili.