Tiketi ya bei nafuu inaanzia Minjila

Ukiwa stendi ya Garsen asubuhi, unasubiri gari lijae, hebu fungua ramani kwenye simu. Chora mstari ulionyooka kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi uwanja wa Manda kule Lamu. Mstari huo unaukata mto Tana kaskazini kidogo tu ya Garsen. Maana yake ni kwamba msee aliyetoka Nairobi kwenda kula pweza Shela anapita angani upande wako, juu ya maembe ya Wapokomo na malisho ya Waorma, na kabla gari lako halijafika Witu yeye ashapanda boti pale Manda.

Wivu weka kando. Swali la maana ni hili: ilikuwaje kupanda ndege, kitu kilichokuwa cha waheshimiwa na watalii, kikawa kitu ambacho kijana wa Nairobi anakilipia kwa M-Pesa akiwa kwenye matatu? Na kwa nini mabadiliko hayo yamepita juu ya Garsen bila kushuka?

Jina lililotoka kwenye bei

Tuanze 2006. Novemba mwaka huo kampuni moja mpya iliruka kutoka Nairobi kwenda Mombasa, ikiwa na jina la ajabu kidogo: Fly540. Wengi walidhani ni namba ya bahati au namba ya ndege. Wapi! Ilikuwa bei. Nauli ya kwenda na kurudi Mombasa ilikuwa shilingi 5,540, na jina likachukuliwa humo humo. Hebu fikiria matatu inayojiita kwa nauli yake. Kila ukiliona jina unakumbuka kiasi cha kutoa mfukoni.

Kabla ya hapo, ndege ya ndani ya nchi ilikuwa mambo ya mkutano wa kikazi na honeymuni. Mwananchi wa kawaida alijua basi la usiku, na treni ya zamani iliyolala njiani. Fly540 ilisema kitu rahisi: tuna ndege ndogo za propela, hatutakupa karamu huko juu, lakini bei utaiweza.

Halafu likaja jina ambalo wengi wenu mnalijua zaidi. Jambojet iliundwa 2013 na Kenya Airways kama kampuni tanzu, na tarehe 1 Aprili 2014 ikaanza kuruka kutoka Nairobi kwenda Mombasa, Kisumu na Eldoret. Siku ya wajinga, ndiyo, lakini haikuwa mzaha. Bei ya kuanzia ilitangazwa kuwa shilingi 2,850 kwenda tu. Ilianza na Boeing 737, baadaye ikahamia ndege za Dash 8-400, zenye propela mbili na viti 78. Malindi, Ukunda na Lamu zikaingia kwenye orodha. Februari 2018 ikavuka mpaka kwenda Entebbe, na 2021 ikafika Goma.

Ona akili iliyo hapo. Kampuni kubwa ya taifa, yenye gharama kubwa, ilizaa mtoto wa kuuza tiketi za bei ya chini, kwa sababu ilijua asipouza yeye atauza jirani.

Hesabu ya mahamri

Sasa skia vizuri, maana hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Bei nafuu si sadaka. Hakuna mtu anayekuonea huruma pale ofisini. Mimi sikumaliza chuo na sikusomea uchumi, lakini hesabu hii haina tofauti na ya mama wa mahamri. Akiwasha jiko, mkaa unaungua uleule, apike kumi au mia. Faida yake iko kwenye kumaliza beseni lote kabla hayajapoa.

Ndege ni hivyo hivyo. Tuseme, kwa mfano tu, safari moja inakula shilingi 390,000 ukijumlisha mafuta, marubani, matengenezo na ada za uwanja. Viti 78 vikijaa, kila abiria anabeba 5,000. Wakija 39, kila mmoja anabeba 10,000. Ndege ni ileile, mawingu ni yaleyale, lakini bei imejikunja mara mbili kwa sababu tu viti havikujaa.

Huu mchezo haukuanzia kwetu. Kule Texas, Marekani, kampuni ya Southwest ilianza kuruka 1971. Mwaka uliofuata ilibanwa na pesa hadi ikauza ndege moja kati ya nne ilizokuwa nazo. Badala ya kupunguza safari, waliamua ndege tatu zifanye kazi ya nne. Vipi? Ndege ikitua, abiria washuke, wengine wapande, iruke tena ndani ya dakika 10. Ndege iliyoegeshwa haileti kitu, inaleta pesa ikiwa hewani. Kina easyJet na Ryanair huko Ulaya walifuata njia hiyo, na AirAsia ya Malaysia ikafanya vivyo hivyo.

Kanuni zao ukizipanga ni chache. Tumia aina moja ya ndege, ili fundi na rubani wajue kitu kimoja na vipuri viwe vya aina moja. Igeuze haraka uwanjani. Chakula kiuzwe badala ya kugawiwa. Begi kubwa lilipiwe peke yake. Tiketi iuzwe moja kwa moja kwenye simu, bila ajenti katikati. Halafu viti vya kwanza viuzwe rahisi na vya mwisho viuzwe ghali, kwa sababu anayenunua siku ya mwisho ana msiba, ana mkutano, au hana namna.

Ndiyo maana wewe na jirani yako wa kiti mnaweza kuwa mmelipa bei mbili tofauti kabisa.

Beseni likibaki na mahamri

Kama unadhani mambo haya hayana hatari, uliza Tanzania. Mwaka 2012 kampuni ya Fastjet, iliyoungwa mkono na Stelios Haji-Ioannou aliyeanzisha easyJet, ilichukua biashara ya Fly540 iliyokuwa chini ya kampuni ya Lonrho. Tarehe 29 Novemba 2012 ikaanza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro kwa ndege za Airbus A319. Bei ya kuanzia ilikuwa Sh32,000 za Tanzania kabla ya kodi. Dar hadi Mwanza kwa basi ni safari ya kukesha. Watu walipanda, na wengi ilikuwa mara yao ya kwanza kufunga mkanda wa ndege.

Lakini A319 ni beseni kubwa, lenye viti zaidi ya 150. Kulijaza kila siku, asubuhi na jioni, ni kazi. Kampuni ikabadilisha ndege ikachukua ndogo zaidi. Shirika la taifa, Air Tanzania, nalo likafufuliwa 2016 kwa ndege mpya. Kufikia Desemba 2018 mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania ilikuwa imeshaipa Fastjet notisi kwa sababu ya madeni na huduma kuyumba, na ndege zikaacha kuruka. Waliokuwa na tiketi za Krismasi wakarudi stendi ya mabasi.

Somo lake ni kwamba bei nafuu hukaa pale viti vinapojaa. Pasipojaa, inaondoka bila kuaga.

Kwa nini haishuki hapa

Sasa turudi Tana River. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943 katika kaunti nzima, waliotawanyika kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 35,000. Hola, makao makuu ya kaunti, ina kiwanja kidogo cha ndege. Lakini ukileta ndege ya viti 78 kila siku, kwenda na kurudi, unahitaji watu 156 kila siku wenye pesa na sababu ya kuruka. Watoke wapi? Mwezi mmoja tu wa viti vitupu na kampuni ishafunga mkoba.

Lamu yenyewe ina watu wachache kuliko Tana River, 143,920 kwa sensa hiyo hiyo. Lakini Lamu ina watalii, na mtalii ndiye anayejaza kiti. Kwa hiyo usidanganyike na mwanasiasa anayekuja kampeni akikuahidi uwanja wa kimataifa kando ya mto. Uwanja bila abiria ni malisho ya mbuzi yenye lami.

Garsen inatumia viwanja vya jirani. Upande wa kusini kuna Malindi, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara. Upande wa mashariki kuna Manda. Malindi nako kuna kikomo chake: njia ya kurukia ina urefu wa kilomita 1.4 hivi, na kwa miaka mingi mpango wa kuirefusha umeshikwa breki na masuala ya ardhi na fidia. Ndiyo maana utaona zaidi ndege za propela pale, kwa sababu hizo zinaweza kutua na kuruka mahali pafupi.

Na hapa ndipo kuna kitu ambacho matangazo ya bei hayakuambii. Kwa kijana wa Nairobi, tiketi ya bei nafuu inaanzia uwanjani. Kwako wewe inaanzia njia panda ya Minjila, pale barabara za Malindi, Hola na Lamu zinapokutana.

Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, magari ya kwenda Lamu yamezoea kusafiri chini ya ulinzi wa polisi, kwa saa zilizopangwa. Ndege haikungoji msafara wako umalizike. Halafu kuna mto. Mvua za El Niño mwishoni mwa 2023 zilipojaza Tana, maji yalikata barabara ya Lamu upande wa Gamba, na magari yakabaki yamepanga foleni yakitazama ziwa. Mafuriko ya 2024 nayo yakaja na mambo yaleyale. Tiketi ya bei ya chini kwa kawaida hairudishwi pesa. Kwa hiyo mafuriko yanapomkuta mtu wa Garsen njiani, anapoteza nauli ya gari, anapoteza tiketi, na anapoteza ile intavyu ya kazi aliyokuwa anaikimbilia.

Mwenzake wa Nairobi analipa bei iliyo kwenye simu. Mtu wa Garsen analipa hiyo bei, pamoja na gari hadi Malindi, pamoja na kulala Malindi siku moja kabla kwa sababu haiamini barabara, pamoja na boda hadi uwanjani. Piga hesabu yote uone kama bado ni nafuu. Kuna siku itakuwa nafuu, hasa ukiwa na mgonjwa wa kliniki Nairobi na umenunua mapema. Kuna siku basi la kupitia Hola na Garissa litaishinda ndege kabisa. Na ukishafika Mombasa, kuna treni ya SGR, ambayo tangu Januari 2024 ni shilingi 1,500 kwa daraja la kawaida.

Kabla hujabonyeza lipa

Kwa hiyo wewe unayepanga kuruka, chukua haya manne.

Nunua mapema. Viti rahisi ndivyo vinavyoisha kwanza, na msimu wa Desemba na Idi havikungoji.

Soma masharti ya begi. Kama unapeleka gunia la maembe kwa shangazi Nairobi, gunia litakuwa na nauli yake, na inaweza kuikaribia yako.

Acha siku moja katikati wakati wa mvua. Usiunganishe gari la asubuhi kutoka Garsen na ndege ya mchana kutoka Malindi mwezi wa Aprili au Novemba.

Na linganisha safari nzima, mlango kwa mlango. Usilinganishe tiketi ya ndege na tiketi ya basi peke yake.

La mwisho si la kwenye simu. Mjadala wa ndege Tana River mara nyingi huishia kwenye kiwanja: tupewe, tujengewe, tuzinduliwe. Lakini kampuni za ndege zimeshatuonyesha zinavyofikiria. Zinafuata viti vilivyojaa, na abiria wa Garsen atakijaza kiti Malindi siku anapojua kwa hakika kwamba akitoka Minjila asubuhi atafika. Daraja lisilozama, tuta lililoinuliwa pale Gamba, na barabara ambayo mtu anaisafiri bila kuhesabu bunduki: hivyo ndivyo vitu vitakavyompunguzia nauli ya ndege kuliko ofa yoyote ya mtandaoni. Kiongozi wako akija na picha ya ndege kwenye bango, muulize kwanza habari ya barabara.