Tunda, Gome na Mzizi

Tijara ya mimea ya mwituni si jambo geni katika pwani yetu. Katika karne ya kumi na tisa, miongoni mwa bidhaa zilizoshushwa forodhani Unguja kutoka Mrima, pamoja na pembe za ndovu, ilikuwamo sandarusi, utomvu wa kale ambao wachimbaji waliufukua mahali palipokuwa na misitu zama zilizopita, na wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, wakaununua ili upikwe vanishi ya samani na magari ya farasi. Ilipooshwa kwa maji ya magadi ikadhihirisha uso wenye vipele vidogo vidogo, na kwa vipele hivyo wajuzi waliipambanua na chakazi, yaani utomvu mbichi uliotoka mtini karibuni, ambao bei yake ilikuwa duni, kwa kuwa ule ugumu uliotakiwa na wenye vanishi haupatikani ila kwa dahari nyingi chini ya udongo. Mali ya namna hiyo, ikichimbwa, hairudi.

Nimetangulia kuitaja sandarusi kwa sababu wanaosifu utajiri wa misitu yetu aghalabu huanza na kemia, wakaeleza mafuta haya yana nini na dawa ile inatibu nini, hali swali lililostahili kutangulia ni jepesi zaidi: mnunuzi anataka kiungo kipi cha mmea, na mmea ukishanyang'anywa kiungo hicho, je, utaishi?

Natuutazame msambu, mti wa misitu ya milima ya Usambara, Nguru na Uluguru, ambao wataalamu wa mimea huuita Allanblackia stuhlmannii. Tunda lake, la rangi ya kahawia na lenye urefu ufikao sentimita 30, hukaa mtini muda mrefu, na kukomaa kwake hakujulikani mpaka lianguke lenyewe. Basi wenyeji huyaokota yaliyoanguka, wakayarundika chini ya majani hata yalainike, kisha wakayaponda kwa mikono ili kuzitoa mbegu katika ute wake, na wakati wote huo wanashindana na panya buku, ambaye naye anazipenda mno. Mbegu zikianikwa vizuri hukamuliwa mafuta ambayo karibu yote ni asidi mbili tu, ya steariki na ya oleiki, na kwa mpangilio huo huganda katika joto la kawaida la nyumba na kuyeyuka yakaribiapo joto la mwili. Mtengenezaji wa siagi ya mimea hutafuta sifa hiyo hasa, na katika mafuta mengine aghalabu huipata kwa kuyachanganya na kuyageuza kiwandani. Ndiyo sababu kampuni ya Unilever ikayafuatilia tangu mwanzoni mwa karne hii, na mwaka 2008 Umoja wa Ulaya ukaruhusu yaliwe.

Mwaka huo huo Ulaya iliruhusu pia unga wa ubuyu, ambao sisi tumeumumunya tangu utotoni, tena ukiwa umepakwa rangi na sukari, bila ya kungoja ruhusa ya mtu. Mbuyu nao hutoa tunda, na kuchuma tunda hakuui mti.

Amma ikiwa kitakiwacho ni gome, mambo hubadilika. Muiri, kama Wakikuyu wauitavyo, una gome ambalo dondoo yake huuzwa Ulaya kuwa dawa ya kuvimba kwa tezi dume, maradhi ya wazee. Chakula kitengenezwacho na majani huteremkia mizizini kwa kupitia tabaka la ndani la gome. Basi mwenye subira hubandua upande mmoja na upande uuelekeao, akauacha mti ujitibu, walakin mwenye haraka huubandua wote kuuzunguka, mizizi ikafa njaa. Tangu 1995 biashara yake imo chini ya mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe walio hatarini.

Msandali wetu umepatwa na makubwa zaidi, maadamu mafuta yake ya manukato yamo katika kiini cha shina na mizizi, na hakuna ayapataye bila ya kuung'oa. Kenya ilipiga marufuku kuuvuna mwaka 2007, na 2013 ukaingizwa katika mkataba ule ule. Kuupanda si kazi nyepesi, kwani hutegemea mizizi ya miti jirani kujilisha.

Hata msambu, ambao kwa hesabu ya viungo una bahati, una ukaidi wake. Mbegu huweza kuchukua mwaka na zaidi kuota, na mche uotao huenda ukawa dume, jambo lisilobainika mpaka utoe maua baada ya miaka mingi. Kwa hiyo watafiti wameshika njia ya kubebesha, wakitwaa vikonyo vya mti jike uzaao sana, na muda wa kungoja umepungua kwa miaka kadhaa. Lakini mkulima wa Usambara hulima iliki chini ya miti hiyo, na kilo ya iliki humpa fedha nyingi kuliko kilo ya mbegu za msambu. Naye mnunuzi, bei ikimpandia, anayo mafuta ya mawese ya kumtosha. Bei ya msambu imebanwa baina ya wawili hao, na mpaka leo mkulima huuacha msambu shambani kwanza kwa ajili ya kivuli chake.