Mkufunzi na Msimu wa Korosho

Husemwa barazani kwamba mkufunzi wa chuo cha Serikali ameshiba na mwenziwe wa chuo cha mtu binafsi ana njaa. Sisi hatuikubali kauli hiyo yote, walakini hatuikatai yote.

Pale Nachingwea kipo Chuo cha Ualimu cha Serikali. Mkufunzi wa chuo kama hicho hakosi manung'uniko: daraja limechelewa, posho ya uhamisho haijalipwa, nyumba hazitoshi. Ni manung'uniko ya haki. Lakini mtu huyu aijua siku ya mshahara wake. Julai 2025 kima cha chini cha watumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Na kwa ajili ya uzee wake mwajiri humwekea asilimia 15 katika PSSSF, naye hukatwa 5 tu.

Sasa mtazameni ndugu yake aliyeajiriwa na mtu binafsi, hapo hapo au jirani Ruangwa. Mshahara wake hutoka katika ada. Ada hutoka mfukoni mwa mkulima. Na mkulima wa huku hungoja mnada wa ufuta katikati ya mwaka, na wa korosho kuanzia Oktoba, kwa njia ya ushirika wa RUNALI. Baina ya misimu hiyo mzazi hana kitu, mwenye chuo naye adai hana kitu, na mkufunzi huambiwa avumilie. Mwishoni mwa 2018 Serikali ilipozinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima wengi walikaa miezi wakingoja fedha zao. Katika hali kama hiyo, anayekula kwa ada hungoja pamoja nao, ingawa hana hata mkorosho mmoja.

Tusidanganyane, wapo wanaoipenda kazi yao katika vyuo hivyo, hasa pale wanafunzi walipo wachache na mkuu wa chuo akawa msikivu. Tunachokikataa ni kugeuza mapenzi hayo kuwa sababu ya kumcheleweshea mtu ujira wake. Mwenye chuo akijua kuwa ada huja kwa misimu, hana budi kuweka akiba ya miezi mikavu. Hasara ya biashara ni yake, kama faida ilivyo yake.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri atoe masharti ya kazi kwa maandishi na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Tangu Januari 1, 2026 wastani wa kima cha chini katika sekta binafsi umepanda kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322. Aidha kila mkufunzi na aende NSSF kutazama kama makato yake yamefika. Fedha iliyokatwa isifikishwe ni wizi, nasi hatulioni jina jingine.

Na aliyeachishwa kazi asikae akilia nyumbani: malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na madai mengine ndani ya siku 60.